SAMPULI IPI HUSEMA KWELI? MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI JUU YA UPIMAJI WA MARADHI YA VIRUSI VYA NJIA YA HEWA



Tuchukulie mfano wa karani mmoja aliyeamka na homa na kikohozi. Amekwenda kituo cha afya, akatiwa kijiti puani, akangoja, kisha akaelezwa kwamba hakuonekana na maradhi. Amerudi nyumbani akishukuru na kesho yake ameripoti kazini kama kawaida. Siku tatu baadaye mama yake mzee yuko kitandani hawezi kuvuta pumzi vizuri, na wenzake wawili wa ofisini wanakohoa. Hapo ndipo maneno yanapoanza: mara mashine ni mbovu, mara watu wa maabara hawaijui kazi yao, mara maradhi yenyewe ni uzushi.

Aghalabu si mashine iliyokosea. Huenda sampuli haikuchukuliwa pale kirusi kilipokuwapo, au ilichukuliwa siku ambayo kirusi kilikuwa bado hakijazaana vya kutosha, au iliharibika njiani. Maabara hujibu juu ya kile ilicholetewa tu. Haiwezi kujibu juu ya kile ambacho hakikuingia ndani ya kichupa. Maelezo haya yametayarishwa ili kila mmoja wetu azifahamu aina za sampuli, nguvu na udhaifu wa kila moja, na afahamu pia jibu la "hapana" lina maana gani na halina maana gani. Mfano mkubwa tutakaoutumia ni UVIKO-19, maradhi ambayo mgonjwa wake wa mwanzo hapa Zanzibar alithibitishwa mwezi wa Machi 2020. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa hali ya dharura imekwisha, lakini kirusi chenyewe hakikuondoka, na mafua makali ya aina nyingine nayo yapo.

KIPIMO NI KITU KIMOJA, SAMPULI NI KITU KINGINE

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Sampuli ni kile kinachotolewa mwilini: ute wa pua, mate, makohozi au damu. Kipimo ni njia inayotumika kukichunguza kitu hicho.

Vipimo vinavyotumika zaidi ni vya namna tatu. Cha kwanza ni PCR, ambacho huitafuta chembe ya urithi ya kirusi na kuizidisha mara nyingi sana hata ionekane. Kipimo hiki hugundua hata virusi vichache, lakini huhitaji maabara, mashine na saa kadhaa. Cha pili ni kipimo cha haraka cha antijeni, kinachotafuta protini za kirusi na kutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa. Hiki huhitaji virusi vingi zaidi ndipo kioneshe mstari. Shirika la Afya Duniani liliweka sharti kwamba kipimo cha namna hii kigundue angalau wagonjwa 80 katika kila 100 walio na maradhi, na kiwaambie "huna" angalau watu 97 katika kila 100 wasio nayo. Cha tatu ni kipimo cha damu cha kingamwili, ambacho hakimtafuti adui bali hutafuta askari waliotolewa na mwili kupambana naye. Kwa kuwa askari hao huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi kuonekana, kipimo hiki hueleza kama mtu aliwahi kupata maradhi au chanjo; hakifai kumwambia mtu kama anaumwa leo.

Hivyo basi, hata PCR, pamoja na uhodari wake wote, haitaona kitu ikiwa kijiti kiligusa nywele za tundu la pua tu na kutoka.

AINA ZA SAMPULI

(a) Nyuma ya pua. Hii ndiyo sampuli iliyofanywa kuwa kigezo cha nyingine zote. Kijiti chembamba chenye kichwa cha nyuzi za kutengenezwa hupitishwa puani kwa usawa, kuelekea sikioni na si juu kuelekea machoni, hadi kifike pale pua inapokutana na koo. Kwa mtu mzima masafa hayo hukaribia umbali ulioko baina ya tundu la pua na tundu la sikio. Kijiti huachwa hapo kwa sekunde chache, huzungushwa taratibu, kisha hutolewa. Machozi hutoka na wengine hupiga chafya. Hiyo ni kawaida wala si dalili ya kuumizwa. Mwenye kutokwa damu puani mara kwa mara, anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, au aliyewahi kupasuliwa pua, amweleze tabibu kabla.

(b) Mbele ya pua. Kijiti huingizwa kiasi cha sentimita mbili tu na kuzungushwa katika matundu yote mawili. Ni rahisi, hakina maumivu, na mtu anaweza kujichukulia mwenyewe. Vipimo vingi vya haraka vimetengenezwa kwa sampuli hii.

(c) Koo. Kijiti hupakwa nyuma ya koo na pembeni mwa mafindofindo bila ya kugusa ulimi. Wengi hupata kichefuchefu na kuvuta kichwa nyuma, na matokeo yake kijiti hurudi na mate matupu badala ya ute wa koo.

(d) Koo na pua kwa pamoja. Vijiti vya sehemu hizo mbili hutiwa ndani ya kichupa kimoja, au kijiti kimoja hupitishwa kooni kwanza kisha puani.

(e) Mate. Mgonjwa hutema mate ndani ya kichupa bila ya kukohoa. Hapahitajiki kijiti, wala muuguzi hasimami uso kwa uso na mtu anayepiga chafya.

(f) Makohozi na maji ya kuoshea mapafu. Makohozi ni yale yanayotoka kifuani kwa kikohozi kizito. Mate si makohozi. Maji ya kuoshea mapafu huchukuliwa na daktari bingwa hospitalini kwa kutumia mrija maalumu, hasa kwa mgonjwa aliye mahututi.

(g) Damu, mkojo na choo. Sampuli hizi zina kazi zake nyingine nyingi, lakini si za kutegemewa katika kukitafuta kirusi cha njia ya hewa.

TAKWIMU ZINASEMAJE

Mapema mwaka 2020 watafiti wa China walichapisha matokeo ya sampuli 1,070 zilizochukuliwa kwa wagonjwa 205 waliokwisha thibitishwa kuwa na UVIKO-19. Kirusi kilionekana katika sampuli 14 kati ya 15 za maji ya kuoshea mapafu, yaani asilimia 93. Katika makohozi asilimia 72. Katika pua asilimia 63. Katika koo asilimia 32. Katika choo asilimia 29. Katika damu asilimia 1. Na katika mkojo hakikuonekana kabisa. Ifahamike hata hivyo kwamba sampuli za pua zilikuwa 8 tu, na kwa idadi ndogo kama hiyo hapafai kujengwa hukumu kubwa. Ama za koo zilikuwa 398, nazo zilitoa funzo lililo wazi: kiasi cha sampuli mbili katika kila tatu za koo hazikuonesha kirusi.

Mwaka 2021 watafiti wa Hong Kong walikusanya tafiti nyingi pamoja na kuzilinganisha sampuli nyepesi na ile ya nyuma ya pua. Sampuli ya koo na pua kwa pamoja ilifikia asilimia 97, mbele ya pua asilimia 86, mate asilimia 85, na koo peke yake asilimia 68. Maana yake ni kwamba hospitali isiyo na mtu aliyefunzwa kufika nyuma ya pua haikukosa njia. Ikichukua koo na pua pamoja, hupungukiwa na kidogo sana.

Hapa pana jambo linalofaa kuzingatiwa. Hesabu hiyo iliichukulia sampuli ya nyuma ya pua kuwa ndiyo kweli yenyewe, nayo pia hukosea. Watafiti wa Canada, katika mwaka huo huo wa 2021, walifanya hesabu yao bila ya kuipa sampuli yoyote heshima ya kutokosea. Walipata kwamba mate hugundua wagonjwa asilimia 83.2 na nyuma ya pua asilimia 84.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Aidha, mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walipima wagonjwa 70 waliolazwa. Ndani ya siku tano za mwanzo baada ya kuthibitishwa, mate yalionesha kirusi kwa asilimia 81 na nyuma ya pua kwa asilimia 71. Kwa hiyo anayeombwa mate asidhani kwamba amepewa kipimo cha daraja la chini.

Lakini mate nayo yana masharti. Mgonjwa asile, asinywe, asivute sigara wala asitafune tambuu kwa muda wa nusu saa kabla ya kutoa sampuli. Mgonjwa mahututi, mtoto mchanga na mwenye kinywa kikavu kwa homa au kiu huenda asiweze kuyatoa mate ya kutosha. Kwao kijiti hubaki kuwa bora. Vilevile, kipimo cha haraka kilichotengenezwa kwa pua kisitumiwe kwa mate, wala cha mate kwa pua. Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti ndiyo inayofuatwa.

SIKU YA KUPIMA

Aliyekaa na mgonjwa jana hukimbilia kupimwa leo, na akiambiwa "hapana" hutulia. Utulivu huo hauna msingi. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walikadiria uwezekano wa PCR kukosa kumgundua mtu ambaye kwa hakika ameambukizwa. Siku ya kwanza tangu kuambukizwa kipimo kilikosa kwa asilimia 100. Siku ya nne kilikosa kwa asilimia 67. Siku dalili zilipoanza kilikosa kwa asilimia 38, na siku tatu baada ya dalili asilimia 20, ambayo ndiyo iliyokuwa hali bora kuliko zote. Baada ya hapo makosa yakaanza tena kuongezeka.

Basi hata katika siku iliyo njema kuliko zote, mmoja katika kila wagonjwa watano aliambiwa "huna". Karani wetu wa mwanzo alipimwa asubuhi ile ile homa ilipoanza. Jibu lake halikuwa uongo wa mtu yeyote. Lilikuja mapema mno.

Kwa upande wa kipimo cha haraka, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishauri mwaka 2022 kwamba mwenye dalili akipata "hapana" apime tena baada ya saa 48, na asiye na dalili apime mara tatu kwa kupishana saa 48.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Kadiri maradhi yanavyoendelea kirusi huweza kupungua puani huku kikiendelea kifuani. Kwa hiyo mgonjwa aliyelazwa kwa homa ya mapafu, ambaye kijiti cha pua kimesema "hapana", hustahiki kupimwa makohozi kabla ya tabibu kuiondoa dhana ya UVIKO-19. Na mtu aliyekwisha pona, PCR yaweza kuendelea kuonesha mabaki ya kirusi kwa wiki kadhaa. Wagonjwa tisa waliochunguzwa mjini Munich, Ujerumani, mwaka 2020 waliendelea kutoa chembe za urithi za kirusi, lakini baada ya siku ya nane ya dalili hapakuwa na kirusi hai kilichoweza kuoteshwa katika maabara kutokana na sampuli zao.

KILA CHOMBO NA WIMBILE

Isidhaniwe kwamba yaliyosemwa juu ya UVIKO-19 hufaa kwa kila kirusi. Kila kirusi kina makao yake mwilini.

Maradhi ya SARS yaliyozuka mwishoni mwa mwaka 2002 yalikuwa na virusi vichache puani na kooni katika siku za mwanzo, na kilele chake kilifika kiasi cha siku ya kumi. MERS, iliyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, hukaa zaidi chini mapafuni, na kwa ajili hiyo makohozi ndiyo sampuli inayopendelewa. Jambo hili linawahusu mahujaji wetu: anayerudi kutoka huko akiwa na homa na kikohozi kizito ndani ya wiki mbili amweleze tabibu safari yake, kwani bila ya taarifa hiyo huenda ikachukuliwa sampuli isiyo yake.

Homa ya mafua ya kila mwaka, yaani influenza, huonekana vyema nyuma ya pua. Lakini mafua ya ndege ya aina ya H5N1, yanapompata binadamu, aghalabu yameonekana zaidi kooni kuliko puani. Na miongoni mwa wafanyakazi wa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani waliougua mwaka 2024, macho yaliyowasha na kuwa mekundu yalikuwa dalili kubwa, hata ikabidi sampuli ichukuliwe machoni. Kwa watoto wachanga kirusi cha RSV, kinacholeta mkamba wa kifua, hutafutwa katika ute wa pua, ama kwa kuuvuta kwa mrija mwembamba ama kwa kijiti.

SAFARI YA SAMPULI KATIKA NCHI YA VISIWA

Sampuli iliyochukuliwa vizuri yaweza kuharibiwa na safari. Kwa watu wa visiwani, ambao huenda kichupa chao kikapanda ngalawa, boti na gari kabla ya kufika maabara, jambo hili si dogo.

Kijiti cha PCR hutiwa ndani ya kichupa chenye maji maalumu ya kuhifadhia virusi. Kijiti chenyewe kisiwe cha mti wala cha pamba ya kawaida, kwani vitu hivyo huweza kuzuia kazi ya kipimo. Kichupa huandikwa jina la mgonjwa, tarehe na saa, pamoja na aina ya sampuli, na hufungwa katika tabaka tatu: kichupa chenyewe, chombo kisichovuja, na kasha gumu la nje. Ndani ya kasha hukaa barafu ya pakiti ili joto libaki baina ya digrii 2 na 8 za Selsiasi. Kwa hali hiyo sampuli huvumilia saa 72. Ikitarajiwa kuchelewa zaidi ya hapo, hugandishwa katika baridi ya digrii 70 chini ya sifuri, jambo lisilowezekana katika kituo kidogo. Kasha lililoachwa juani gatini kwa mchana mzima huenda likafika na jibu la "hapana" lisilo na thamani.

Kwa mintarafu hiyo, mate yana faida nyingine: yameonekana kuvumilia joto la chumbani kwa siku kadhaa bila ya maji maalumu. Na kwa mgonjwa aliyeko Tumbatu au Kojani, kipimo cha haraka kinachofanywa palepale kwa ute mpya wa pua huenda kikamsaidia zaidi kuliko PCR ambayo jibu lake litafika akiwa amekwisha waambukiza wa nyumbani kwake.

YANAYOPASA KUZINGATIWA

Kutokana na maelezo haya, tunashauri yafuatayo:

1. Mwenye dalili amweleze tabibu siku dalili zilipoanza, safari alizofanya na watu aliokaa nao. Taarifa hizo ndizo zinazoongoza uchaguzi wa sampuli.

2. Anayechukuliwa kijiti atulie na asirudi nyuma. Kijiti kisichofika mahali pake ni usumbufu bila faida.

3. Mwenye dalili aliyepata "hapana" ajihadhari kana kwamba anayo: avae barakoa, akae mbali na wazee na wagonjwa, na apimwe tena, hasa kwa kipimo cha haraka, baada ya saa 48.

4. Wakuu wa kazi wasimlazimishe mtumishi mwenye homa kurudi ofisini kwa kuwa karatasi imesema hana. Vilevile wasimzuie aliyepona kwa kumdai PCR ya "hapana", kwani mabaki ya kirusi huweza kuonekana kwa wiki nyingi baada ya hatari kupita.

5. Asitegemee mtu yeyote kipimo cha damu cha kingamwili kujua kama anaumwa leo.

6. Wanaobeba kasha la sampuli, wakiwemo madereva na manahodha, wafahamu kwamba wamebeba jibu la mtu. Lisikae juani, lisifunguliwe, na lisichelewe.

Turudi kwa karani wetu. Laiti angaliambiwa, "Kijiti cha leo hakikuona kitu, lakini homa yako ina siku moja tu, kaa nyumbani, lala chumba mbali na mama, urudi keshokutwa," pengine hapangekuwa na mgonjwa wa pili. Maneno hayo hayahitaji mashine wala fedha. Yanamhitaji mtoa huduma anayeyasema, na mwananchi anayeelewa kwa nini yanasemwa.